Helmeti Ukweni

Siku Tomaso alipomwaga oili chafu ya pikipiki kwenye sufuria ya ugali, mkewe Eugenia hakupiga kelele. Angepiga kelele mambo yangeishia hapohapo uani, majirani wakacheka, watu wakaenda kulala. Alichofanya ni kuitazama sufuria, akamtazama mumewe, akaitazama tena sufuria.

"Hiyo ni nini?"

"Oili. Nabadilisha oili."

"Naona ni oili. Nauliza imekaa ndani ya nini?"

"Nilikosa beseni," Tomaso akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye injini. "Nitaiosha. Si chuma tu hiyo?"

Hilo neno "tu" ndilo lililomponza. Eugenia aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akamshika mkono binti yao Gati, mtoto wa miaka minne, akatoka. Mlangoni aligeuka.

"Chuma tu kitakupikia," akasema. Akaenda zake stendi, na kutoka stendi akaenda kwao Nyansurura, kwa baba yake mzee Heche na mama yake Wegesa.

Tomaso aliona mchezo. Atarudi kesho, akajisemea. Kesho ikaja na nyingine ikafuata, na Tomaso akawa mtu wa kula kwa mama ntilie pale karibu na kijiwe chao cha bodaboda, Mugumu mjini. Majirani wakimuuliza mama Gati yuko wapi, anasema kaenda kwao kuvuna mtama. "Mtama gani mwezi huu?" wanamuuliza. "Wa kwao unachelewa," anajibu, huku anawasha pikipiki. Lakini mambo ya ndoa hayafichiki mji mdogo. Siku moja mama ntilie alipaza sauti mbele ya wateja wote: "Huyo Tomaso muongezeeni maharage, mkewe kamkimbia!" Na kweli akaongezewa. Akayala, maana njaa haina heshima.

Dawa yake aliijua. Mume aliyemuudhi mkewe hadi akarudi kwao anachukua mzee wa kuheshimika, anakwenda ukweni, anakaa kwenye kigoda kifupi, anakiri kosa, anatozwa faini, anarudishiwa mke. Lakini Tomaso kila alipojiwazia amekaa mbele ya wazee anajieleza habari ya sufuria, aliwasha pikipiki akaenda kutafuta abiria. Ingekuwa kugombana juu ya ng'ombe, sawa. Sufuria?

*

Ndipo Ummy alipomwita. Ummy alikuwa na duka la kanga na vitenge jirani na soko la Mugumu. Wazazi wake walitoka Tanga zamani wakaja kufanya biashara, na yeye akazaliwa na akili ya biashara kama mtu anavyozaliwa na pua. Sasa alikuwa ameanzisha jambo jipya: kupeleka watu matembezini kwa pikipiki.

"Tomaso, kaa," akasema. "Nataka mwongozaji mmoja wa kudumu. Pikipiki mpya zinakuja, na atakayezishika ndiye huyo. Nitawapima kwa safari. Yako ni Jumamosi."

"Dada Ummy, mimi ni gaidi wa kuzaliwa."

"Sema mwongozaji. Ukienda barabarani unatangaza wewe ni gaidi, utanifungia biashara kabla haijafunguliwa." Akavuta kiti karibu. "Wageni ni wawili. Mmoja nesi Tumsifu, wa Moshi, kahamishiwa hapa. Mwingine Desderius, afisa ardhi, mtu wa Bukoba. Wanasema tangu waje Mugumu hawajaona kitu ila ofisi na vumbi. Wanataka kwenda kijiji cha mafundi, waone vyungu vinavyofinyangwa na kuchomwa, wale huko, jioni warudi. Wewe na mwenzako Imrani mtawabeba."

"Hilo dogo. Kijiji gani?"

"Nyansurura. Kuna mama fundi huko, sifa zake zimefika mpaka dukani kwangu. Anaitwa Wegesa. Unamfahamu?"

"Namfahamu kwa mbali," akasema.

Hakudanganya. Kwa mila ya kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawasemezani ana kwa ana, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anakata kona kwenye mahindi. Miaka yote ya ndoa yake, Tomaso alikuwa amemwona Wegesa mgongo tu, na sauti yake aliisikia kupitia ukuta. Sasa ampelekee wageni, asimame hapo anaeleza, na huku nyumbani kwa huyohuyo ndiko mkewe alikokimbilia kwa hasira!

Angekataa. Lakini aliwaza pikipiki mpya, akawaza na yale maharage ya huruma.

"Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

*

"Nitakwenda kama mtu mwingine," Tomaso alimwambia Imrani Jumamosi asubuhi. "Nipe helmeti yako."

Imrani alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa pale sokoni, kijana mwembamba mwenye kichwa kidogo, safi, kilichochongwa vizuri. Helmeti yake ilikuwa ile ya kufunika kichwa chote mpaka kidevu, yenye kioo cheusi mbele. Kioo kilikuwa kinagongagonga akiendesha, hivyo alikuwa amekigandisha kwa gundi kisifunguke tena.

"Haikutoshi," Imrani akasema. "Una kichwa kikubwa."

"Kichwa changu ni cha kawaida. Chako ndicho hakijakomaa."

Walisukuma. Haikwenda. Wakapaka sabuni, wakasukuma tena, Tomaso amekaa chini na Imrani juu yake kama anatwanga. Mwishowe ikaingia kwa sauti kama ya mguu unaozama kwenye matope.

"Naonekanaje?" Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

"Kama chura kwenye kopo," Imrani akasema. "Lakini hata mama yako mzazi hakujui."

Nesi Tumsifu alipanda kwa Tomaso, na bwana Desderius, mtu mnene mwenye shauku na simu mpya, akapanda kwa Imrani. Walitoka Mugumu jua bado changa, barabara ya changarawe mbele yao, vumbi jekundu nyuma. Tomaso alitaka kuonyesha kuwa anaijua kazi. Walipopita nyumba ambako mihogo ilianikwa juu ya mawe, akanyoosha mkono.

"Ule ni udaga!"

"Nani anataga?" nesi akauliza.

"Udaga! Udaga!"

Desderius akapaza sauti kutoka pikipiki ya pili. "Mwongozaji anasemaje?"

"Anasema huku kuku wanataga sana!"

Na hivyo ndivyo ilivyokwenda safari nzima. Tomaso alieleza habari ya mawe, ya mito, ya koo na mipaka yake, na nesi Tumsifu akaitikia kwa adabu, akiamini kuwa ameletewa mwongozaji mwenye mapenzi makubwa na kuku.

Walisimama senta moja kunywa soda. Jua sasa lilikuwa limepata nguvu, na ndani ya helmeti palikuwa panafuka. Tomaso akamvuta Imrani nyuma ya duka.

"Itoe kidogo nipumue. Nikikaribia nitaivaa tena."

Imrani akashika, akavuta. Tomaso akainuka na helmeti mpaka akasimama kwa vidole vya miguu.

"Masikio! Masikio yangu!"

"Yamejikunja huko ndani," Imrani akasema, akihema. "Yamekuwa kama ndoano. Yaliingia, lakini kutoka yanagoma."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ndugu yangu, unakwenda nayo ukweni."

Tomaso alikunywa soda kwa mrija uliopitishwa chini ya kidevu. Muuza duka alimtazama, akamtazama Imrani, akauliza polepole, "Mgonjwa wenu huyu mnampeleka wapi?"

*

Mzee Heche alikuwa amesimama kwenye lango la boma lake, mrefu, amejifunga shuka, fimbo mkononi. Wageni walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Tomaso naye akaamkia, ikatoka kama ngurumo ya mbali. Mzee hakujibu. Alikuwa ameinama nyuma ya pikipiki, anasoma maandishi ya rangi nyekundu kwenye mpira wa kukinga matope.

"Ma-ma Ga-ti," akasoma taratibu.

Imrani akafumba macho. Walificha kichwa, wakasahau pikipiki.

Heche akanyooka. Uso wake haukuonyesha kitu. "Wageni, karibuni sana," akasema. "Na wewe mwenye ndoo kichwani, karibu."

Hapohapo Gati alichomoka nyuma ya nyumba, miguu imejaa majivu. "Baba!"

"Mimi si baba," ikasema sauti ya kisimani. "Mimi ni gaidi."

Mtoto alimtazama kwa muda. Kisha akageuka, akakimbia kuelekea jikoni akipiga kelele mpaka jirani wa tatu akasikia: "Mama! Mama! Baba kawa gaidi!"

Eugenia akatokea mlangoni. Alimwona mumewe na ile helmeti inayong'aa, mabega yamelowa jasho, akakunja mikono. Upande wa pili wa uwanja, chini ya kibanda cha nyasi, Wegesa alikuwa amekaa na donge la udongo kati ya magoti. Aliposikia jina la baba Gati alijifunika kanga kichwani, akajizungusha alipokaa kama jiwe la kusagia, akawapa watu wote mgongo. Mikono yake haikusimama. Chungu kiliendelea kupanda huko mbele, wageni wasikione.

Tomaso naye akafanya alivyopaswa. Alikwenda nyuma ya ghala la mtama, akasimama amelipa kisogo boma, na kutoka huko akaanza kazi.

"Hapa mnaona fundi anafinyanga chungu!"

"Hatuoni," nesi Tumsifu akasema. "Tunaona mgongo."

"Mwongozaji!" Desderius akaita. "Mbona fundi ametugeuzia mgongo?"

"Ni mtindo," sauti ikasema. "Vyungu vya huku hufinyangwa kwa mgongo."

Desderius akainua simu, akaanza kurekodi mgongo.

Wegesa alisikia yote hayo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache mbele za watu, lakini alikuwa na binti nyumbani, na wiki nzima alikuwa amesikiliza upande mmoja wa kesi.

"Baba," akamwita Desderius bila kugeuka. "Wewe mwenye simu. Nenda kamuulize huyo aliyeko nyuma ya ghala: kwake vyombo vimekwisha, mpaka oili ikae kwenye chakula?"

Desderius akafurahi. Alidhani ni fumbo la wafinyanzi. Akakimbia mpaka ghalani, mkanda wa suruali ukiruka.

"Fundi anauliza: kwako vyombo vimekwisha, mpaka oili ikae kwenye chakula?"

"Mwambie," helmeti ikajibu, "nilikosa beseni."

Akarudi mbio. "Anasema alikosa beseni!"

"Kamuulize, na mdomo wa kuazima kwa jirani aliukosa?"

"Anauliza, na mdomo wa kuazima?"

"Mwambie nilikuwa na haraka, abiria ananisubiri."

"Anasema abiria!"

"Kamwambie abiria ndiye amuoshee na sufuria."

Hivyo alikwenda na kurudi, afisa ardhi wa Bukoba, shati limemgandia, uso umewaka kwa raha ya kujifunza mila. Nesi Tumsifu alikwishaelewa zamani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na Eugenia, ameziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Hata mzee Heche aliangalia pembeni, kwenye mlima, kama mtu anayehesabu mbuzi wasiokuwepo.

Kisha Eugenia mwenyewe akasema, na hapo kicheko kikapungua. "Kaka Desderius, mpelekee na langu. Mwambie sikuondoka kwa sababu ya sufuria. Sufuria inanunulika. Niliondoka kwa sababu alisema 'chuma tu'. Vitu vyangu vyote kwake ni tu. Jiko ni tu. Ukuni ni tu. Nikiumwa, ni kichwa tu. Nataka kujua na mimi ni mke tu?"

Desderius hakukimbia safari hii. Alikwenda taratibu, akasimama mbele ya ghala, akayasema maneno yale kama alivyopewa, moja baada ya jingine, na sauti yake ikawa ya chini.

*

Tomaso alisikia. Angetaka kujibu. Lakini jua lilikuwa utosini, na ndani ya helmeti masikio yalikuwa yanapiga ngoma mbili tofauti. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa jibu zuri, lakini kila alipolishika lilimponyoka. Akaona afadhali aende amwambie mwenyewe. Akatoka nyuma ya ghala. Kioo cheusi kilikuwa kimefunikwa na jasho kwa ndani, haoni mbele, akayumba kupita kuku, akapita pikipiki, akaingia moja kwa moja kwenye shimo la udongo uliokandwa. Akapiga magoti humo, mikono imening'inia.

"Amepiga magoti," Eugenia akasema polepole, mkono kifuani.

"Mbele za watu," mzee Heche akasema. "Hata mimi sikuwahi."

Kisha Tomaso akaenda mbele, uso kwanza, helmeti ikapiga udongo *pwaa*.

"Huyo haombi msamaha!" Nesi Tumsifu akaruka kutoka kwenye kigoda. "Huyo joto limempanda! Mtoeni hicho kitu kichwani sasa hivi!"

Walimburuta kivulini. Nesi akaagiza maji, akammwagia kifuani na shingoni, akapitisha mengine chini ya kidevu. Imrani akashika helmeti, akavuta, akarudi nyuma mikono mitupu. Desderius akavuta, akaanguka. Mzee Heche akasema ana msumeno wa mbao.

"Mzee, hiyo mpya!" Imrani akalia.

"Mume wangu atafia ndani ya kofia, wewe unasema mpya!" Eugenia akamfokea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke Mugumu kumwita mume wangu, na huko ndani, katikati ya ngoma mbili, Tomaso aliisikia.

"Tunahitaji kitu cha kuteleza," nesi akasema.

Eugenia akaleta kibuyu cha samli. Nesi akamimina shingoni, akapenyeza vidole, akayatafuta masikio, akayalaza. "Masikio nimeyapata. Sasa anatakiwa mtu wa kushika vizuri. Mikono yenu inateleza."

Watu wote wakageuka kumtazama Wegesa. Mikono iliyokanda udongo miaka arobaini. Mikono ambayo ng'ombe wa kijiji kizima wakishindwa kuzaa huitwa usiku au mchana kuvuta ndama. Bado alikuwa amewapa mgongo, lakini alikuwa ameacha kufinyanga.

"Mama Eugenia," Heche akamwonya, "usithubutu. Huyo ni mkweo."

"Najua ni mkwe wangu."

"Mila ni mila."

"Akifia uani kwangu, mila itamzika?"

Akainuka. Na ili asivunje zaidi ya kinachohitajika kuvunjwa, akaja kinyumenyume. Alitembea hivyo uwanja mzima, kanga usoni, mikono ameinyoosha nyuma, Gati akimwongoza: "Bibi, kulia. Bibi, kuna kuku." Alipofika akainama, akapapasa, akashika sikio la Desderius.

"Hilo langu, mama," Desderius akasema.

Kinyumenyume haikuwezekana. Wegesa akatoa pumzi, akafumba macho kabisa, akageuka. Akakaa chini, akaweka miguu yote miwili kwenye mabega ya mkwewe, akaikumbatia helmeti kwa mikono yake ya udongo.

"Haya," akaanza kwa sauti ile anayotumia zizini. "Haya, njoo. Njoo, mtoto mzuri. Usiogope. Tulia, mama yupo."

"Vuta pumzi ndefu!" nesi Tumsifu akasema, na hapo ndipo mazoea ya wodi ya wazazi yalipomzidi nguvu. "Sukuma! Sukuma, baba! Usifunge miguu!"

Tomaso akasukuma. Hakujua anasukuma nini, lakini alisukuma. Eugenia akamshika kiuno, Imrani akamshika Eugenia.

"Kinakuja!" nesi akapiga kelele. "Naona kidevu!"

"Njoo, mwanangu, njoo!"

*Tok!*

Kichwa kikatoka. Kilitoka kimelowa samli, chekundu, kinafuka mvuke, masikio yamesimama pembeni kama ya ndama kweli, mdomo wazi. Tomaso akavuta hewa, akalia sauti nyembamba ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuikiri. Wegesa alirushwa nyuma na helmeti mapajani, na kwa mshtuko macho yake yakafunguka.

Mkwe na mama mkwe wakatazamana.

Hawakukwepesha. Kwa mshangao wa jambo lenyewe wakasahau kukwepesha. Tomaso aliona kuwa Eugenia ana macho ya mama yake. Wegesa aliona kijana mwenye uso wa mviringo, si mbaya kama alivyokuwa akimwazia kutoka nyuma ya ukuta.

"Kumbe una mwanya," akasema.

*

Maji aliyokunywa Tomaso siku ile, ng'ombe wangemheshimu. Alipokaa vizuri, amefunikwa kanga ya mkewe mabegani, mzee Heche aligonga fimbo chini. Jambo lilikuwa limeharibika na lilihitaji kuwekwa sawa.

"Mmeonana," akasema.

"Tumeonana," Wegesa akakubali. "Lakini mimi sioni kosa. Watu wote mmeshuhudia: nimemvuta kwa mikono yangu mpaka akatoka. Nimemzaa. Aliyezaliwa nami si mkwe, ni mwanangu. Na kwa mtoto wangu sina mwiko."

Wazo lilikuwa zuri. Nesi akaitikia kwa kichwa. Ni Eugenia aliyelichunguza mpaka mwisho.

"Mama. Kama huyu ni mwanao, mimi nimeolewa na nani?"

"Na kaka yako," Desderius akasema, maana alipenda mambo yakae wazi.

"Mungu wangu," Imrani akasema, bado anakamua samli kwenye helmeti yake.

Mzee Heche alikaa akifikiri. Akafikiri mpaka Gati akapiga miayo. "Hapana," akasema mwishowe. "Ukimvuta ndama wa jirani, ndama anakuwa wako? Anabaki wa jirani. Huyu anabaki mkwe. Ila maji yakimwagika hayazoleki. Kuonana wameonana. Atarudi hapa na mzee wa kwao, ataleta mbuzi, tutaliosha jambo hili pamoja na lile la sufuria. Na kuanzia leo, kwa kuwa hakuna tena cha kufichana, mama Eugenia na huyu watasalimiana kama watu."

Tomaso akamgeukia mkewe kwanza. Uso ulikuwa bado unamwaka.

"Lile swali lako," akasema. Sauti yake, bila helmeti, ilikuwa ndogo na ya kawaida. "Jibu lilinishinda kule nyuma. Nilikuwa nalo zuri, limepotea. Nimekosa, mama Gati. Nyumba bila wewe nakula maharage ya kuonewa huruma."

"Yatakuwa ni maharage tu," Eugenia akasema. Lakini alikuwa anamfuta samli sikioni kwa upindo wa kanga, na hakuwa anafuta kwa hasira. "Uje na huyo mzee. Nitakuwa nimefunga nguo."

Simu ya nesi ikalia. Alikuwa Ummy, anataka kujua wageni wanaendeleaje. Nesi Tumsifu alisogea pembeni, lakini kila mtu alisikia. "Dada Ummy, nimekuwa wodi ya wazazi miaka mingi, sijawahi kuona kitu kama hiki... Ndiyo, vyungu vipo, bado hatujaviona... Mwongozaji? Huyuhuyu umwajiri. Desderius anataka kuja tena na ofisi nzima. Ila mnunulie helmeti ya kichwa chake."

Imrani akainua mikono mbinguni kushukuru.

Basi ikabaki kusalimiana. Wegesa alijifunga kanga upya, akakaa kwenye kigoda chake, safari hii amewaelekea watu. Tomaso akasogea, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tomaso." Akamtazama. "Kaa hapo."

Tomaso akakaa.

"Kwanza," Wegesa akasema, "siku ya harusi ulivaa viatu bila soksi. Niliviona kupitia ufa wa chini ya ukuta. Nilitaka kusema, nikanyamaza, kwa sababu ya mila. Pili, wazee walikupa nyama ukacheka mpaka ikakutoka puani. Nilinyamaza. Tatu, ulisema utamleta mwanangu mwezi wa Krismasi, ukamleta Pasaka. Nne, nani kakuruhusu kuandika jina la mjukuu wangu kwenye mpira wa matope wa pikipiki?"

Tomaso akamtafuta mzee Heche kwa macho. Mzee alikwishaondoka, anampeleka Desderius kuangalia ng'ombe, na anakwenda haraka kuliko umri wake. Ndipo kwa mara ya kwanza Tomaso alipoelewa kwa nini wahenga waliweka miiko ile, na walikuwa wanamlinda nani.

Eugenia alileta kigoda kingine, akakiweka karibu sana na cha mumewe, akakaa bega kwa bega naye.

"Itikia," akamnong'oneza. "Ukinyamaza anaanza upya."

"Ndiyo, mama," Tomaso akasema.

Wegesa akachukua donge bichi la udongo, akaliweka kati ya magoti, akaanza kulikanda taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Huo ulikuwa mwaka wa kwanza," akasema. "Sasa tuje kwenye mwaka wa pili."